Bata walilala wazima, asubuhi wamekufa

MUULIZE MAMA MIFUGO

Swali: Shikamoo Mama Mifugo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Dakawa, Morogoro. Nafuga kuku wa kienyeji na bata wale wa kawaida wenye uso mwekundu. Mwezi uliopita majike wawili walitotoa vifaranga 23. Kwa wiki mbili hakufa hata mmoja. Halafu Jumapili jioni walikula vizuri wakaingia bandani, na Jumatatu asubuhi nikakuta tisa wamekufa, shingo zimepinda kwenda mgongoni, miguu imenyooka. Wengine walikuwa wanayumba, wanaangukia ubavu na kupiga miguu hewani. Kufikia Jumatano walibaki sita. Mama zao hawana neno, kuku wanaokula nao hawajaugua. Kijana wa duka la dawa alinipa OTC nikaweka kwenye maji, haikusaidia kitu. Chakula nawapa pumba za mahindi na karanga zilizobaguliwa, nazitwanga. Shemeji yangu ananunua karanga huko Kibaigwa, na wiki ile alikuwa ameniletea kiroba kipya.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Jumamosi jirani yangu alisimama mlangoni akawasifia, "bata wako wamependeza." Mama mkwe anasema hilo ni jicho, na tangu hapo mimi na jirani hatusalimiani. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyekuwa anawachunga, kila jioni analia. Nini kimewaua? Na nikianza upya, si watakufa tena? — *Mfugaji, Dakawa*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Wasiofuga watasema ni bata tu. Mimi najua vifaranga 17 ni daftari, ni sare, ni mboga ya sikukuu, na ni kazi ya mtoto aliyekuwa akiamka mapema kuwafungulia. Mwache alie. Mwambie pia kwamba si yeye aliyewaua.

Nianze na jirani yako, maana jambo lake halihitaji kusubiri majibu ya maabara. Alisifia kitu kilichokuwa kizuri. Vifo vya namna uliyoeleza vina sababu ambazo mtaalamu anaweza kuzishika mkononi, na hakuna hata moja inayopita kwenye macho ya mtu. Mama mkwe wako mheshimu, usibishane naye mbele za watu, lakini kesho asubuhi nenda ukamwamkie jirani. Utamhitaji hata kwa bata: kama naye anafuga, anapaswa kujua kilichotokea kwako kabla hakijamfikia.

Sasa tuje kwenye vifo. Barua yako imenisaidia kuliko nyingi ninazopata, kwa sababu umeeleza umri, siku, shingo, chakula, na umesema wakubwa ni wazima. Shingo iliyopinda kwenda mgongoni inanipa njia mbili. Kama ingekuwa imelegea, kichwa kinaburuzika chini, ningekuuliza kama kuna mzoga uliooza karibu na bwawa, maana bata hula funza wa mizoga na funza hao hubeba sumu inayolegeza misuli ya shingo. Si hilo. Kama wangekutwa wamelaliana kwenye kona, waliokufa wako chini, ningesema baridi iliwabana wakakosa hewa. Nalo silo, kwa vile umewaona wengine wanayumba mchana kweupe.

Njia ya kwanza ni ugonjwa wa ini wa bata unaoletwa na virusi. Huu hupiga vifaranga walio chini ya wiki sita, na wale wadogo zaidi ya hapo ndio hufagiwa. Kifaranga anaweza kula vizuri, akaanza kuyumba, akalala ubavu, akapiga miguu, akakata roho ndani ya saa moja au mbili. Kundi zima humalizika kwa siku tatu au nne hivi. Bata wakubwa hawaonyeshi dalili, kuku nao hawaguswi. Ukilinganisha na barua yako, unaona kwa nini siwezi kuuondoa.

Njia ya pili ni sumukuvu. Na nikitazama kile kiroba kipya cha karanga, huku ndiko moyo wangu unakoegemea.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga, mahindi, mbegu za pamba na nafaka nyingine zilizoanikwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu. Bata mdogo ni miongoni mwa viumbe wanaoathirika haraka kuliko wote. Kiasi kinachomuua yeye, kifaranga wa kuku anahitaji zaidi ya mara kumi yake ili afe. Ndiyo maana kuku wako wanakula kwenye sahani hiyohiyo na bado wanawika. Usiuchukue uzima wao kuwa ushahidi kwamba chakula ni salama. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakipima sumukuvu kwa kutumia vifaranga wa bata wa siku moja: wanawalisha sampuli, halafu wanatazama maini yao.

Hata jinsi dunia ilivyoijua sumu hii, bata wamo. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 bila mtu kujua sababu, hadi ikaitwa ugonjwa X. Vifaranga wa bata nao walikufa. Baadaye ikagundulika kwamba chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa na ukungu. Kipindi hichohicho hapa kwetu, Kenya na Uganda, vifaranga wa bata walikufa kwa wingi, nao kwa chakula chenye karanga. Kwa hiyo mwanangu, kilichotokea kwenye banda lako wafugaji wa Bonde la Ufa walikiona kabla hujazaliwa.

Nenda kwenye kile kiroba. Usichote za juu, ingiza mkono mpaka chini na katikati utoe konzi moja, umwage kwenye ungo mweupe juani. Tafuta zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye tundu la mdudu. Kisha chukua moja moja uipasue katikati kwa kucha. Zile nusu mbili zinapokutana pana kijishimo, na ukungu hupenda kujificha humo: utaona unga wa kijani kinachoelekea njano, au wa kijivu, wakati nje karanga inaonekana safi. Ukiona hata chache, kiroba kizima kina kesi. Usipoona, bado usikisafishe jina, kwa sababu sumu hubaki hata ukungu wenyewe ukishafutika.

Na fikiria neno ulilotumia, karanga zilizobaguliwa. Shemeji yako anabagua ili mnunuzi wa mjini apate nzuri. Zinazobaki ndizo zenye kasoro zote, zimekusanywa mahali pamoja. Hakuwa na nia mbaya, alikusaidia chakula. Lakini karanga za makapi si chakula cha bata mdogo, iwe masika au kiangazi.

Pumba nazo tuziangalie. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumukuvu iliyokuwa kwenye punje huondoka na pumba. Sembe inatoka na nafuu, pumba zinabeba mzigo. Nilipokuwa kazini bonde la Kilombero, nyumba nyingi zilikuwa zinahifadhi pumba kwenye pipa lenye mfuniko, zikitoka mashineni bado za moto. Zinatoa jasho humo ndani, zinashikana mabonge, na mtu anayavunja mabonge kwa mkono na kuendelea kulisha. Ukikuta bonge kwenye pumba, mwaga zote.

Nitasema na jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu lina uzito kuliko bata. Karanga za kiroba hicho, umetia kwenye mchicha? Umesaga kwenye uji wa watoto? Mahindi yaliyotoa pumba hizo ndiyo mnayokula? Kupika hakuiondoi sumukuvu, wala kukaanga, wala kuanika upya. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya nyingine za Kenya, waliugua watu 317 kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, watu wakapoteza maisha. Sikutishi. Nakuomba kiroba hicho kitoke jikoni leo, na kama kuna mtoto ana macho ya njano, anatapika au tumbo limevimba, mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga habari ya karanga. Mpigie na shemeji simu, anao watoto na yeye.

Kati ya virusi na sumukuvu, kwa macho tu huwezi kuamua, na mimi kwa barua siwezi. Sumukuvu nayo huweza kupindisha shingo na kuleta kifafa. Ukipasua, ini linasema mengi: lenye virusi huvimba na kuwa na madoa mekundu ya damu iliyovilia, lenye sumukuvu mara nyingi hupauka, rangi ikaenda kwenye njano, na wakati mwingine miguu na vidole vya kifaranga huonekana na rangi ya zambarau chini ya ngozi. Lakini tahadhari: kifaranga wa siku chache ana ini la njano kiasili, kwa ajili ya kiini cha yai alichokula akiwa ndani ya ganda. Nimeona watu wanapasua kifaranga wa siku mbili na kutangaza sumu.

Kwa hiyo akifa mwingine, usimzike upesi. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, mtie kwenye mifuko miwili, umweke kwenye chombo chenye barafu. Asigande, awe wa baridi tu, na afike maabara ndani ya siku moja. Kama yupo mgonjwa aliye hai, mpeleke naye kwenye tenga. Beba nusu kilo ya karanga na nusu kilo ya pumba, kila kimoja kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni hutunza unyevu na ukungu utazidi njiani. Wewe una bahati ya mahali: kutoka Dakawa hadi Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro mjini si mbali, na wana idara ya tiba ya mifugo. Wasomaji wa mikoa mingine waulize kwa afisa mifugo wa kata kuhusu kituo cha karibu cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Afisa huyo umjulishe hata kama huna nauli ya maabara, na kama kuku nao wataanza kufa kwa wingi, mpigie saa hiyohiyo. Tunakumbuka Uganda mwaka 2017 mafua ya ndege yalipowakuta bata wa kufugwa kando ya Ziwa Victoria.

Hiyo OTC iache. Ni dawa ya bakteria. Haiui virusi na haiondoi sumu, na wewe umelipa hela. Yule kijana dukani alitaka kukusaidia, ila aliuza dawa bila kuuliza bata wanakula nini.

Hao sita waliobaki, ondoa chakula chote cha zamani, osha vyombo kwa sabuni, uvianike juani. Dakawa mna chenga za mchele za kutosha, wapikie laini, uchanganye na dagaa waliotwangwa. Dagaa wawe wa maji baridi wasio na chumvi, kwa sababu chumvi nayo huua bata wadogo. Kata mchicha mwembamba kabisa. Nunua vitamini za kuku zenye kundi B uweke kwenye maji kila siku: bata mdogo anahitaji vitamini hizo kuliko kifaranga wa kuku, na akikosa miguu hupinda, anatembelea magoti. Maji yawepo wakati wote wa kula. Bata anayekula pumba kavu bila maji hukabwa akafa mbele yako.

Usiwauze hao sita wala kumgawia mtu kwa sasa, hata wakichangamka. Kama ni virusi, aliyepona anaweza kuendelea kuvitoa kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Waliokufa wasiliwe, na mbwa wasipewe, mbwa naye hufa kwa sumukuvu. Chimba shimo refu mbali na kisima, mwaga majivu au chokaa, fukia. Maranda ya banda yachome, kwangua sakafu, paka chokaa, acha jua liingie. Vifaranga wengine wasiingie humo kwa miezi mitatu. Bata wako wanaatamia siku 35, kwa hiyo hesabu nyuma kabla hujaacha mayai kwenye kiota.

Umeuliza kama watakufa tena. Ukirudi na karanga zilezile, ndiyo. Ukibadili chakula, na maabara ikasema hakuna virusi, sioni kwa nini wasikue. Kuhusu mahindi ya nyumbani, yaanike kwenye turubai, si kwenye udongo, na kabla ya kuhifadhi yapime hivi: chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi robo chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikidondoka yote chini, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kazi hiyo mpe yule mwanao anayelia. Atafurahi kuona jibu la chupa kwa macho yake, na bata wajao atawachunga akijua wanakula nini.

Majibu ya maabara yakitoka, niandikie. Nayahitaji kwa ajili ya wengine wa bonde hilo.

Swali: Asalaam aleikum bi mkubwa. Niko Kisauni, Mombasa. Vifaranga wangu wa bata wanapungua mchana, leo mmoja, kesho wawili, sioni mzoga wala damu. Zaidi ya hayo watatu nimewakuta wamekufa ndani ya karai la maji. Bata anafaje maji? Nilitotolesha kwa kuku. — *Baba wa nyumbani, Kisauni*

Jibu: Waaleikum salaam, kaka yangu. Una maadui wawili, usiwachanganye.

Wanaopotea mchana bila alama, kwa Mombasa, nawashuku kunguru kwanza. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na leo pwani nzima ni yao. Mmoja humchokoza mama, mwingine hubeba kifaranga. Mlezi wako ni kuku, ambaye hana ubavu wa bata jike. Usihangaike na mtego, utanasa mmoja na wenzake mia watakuona. Omba wavuvi wavu uliochakaa, utandaze juu ya uzio, na vifaranga wasitoke humo mpaka wafikie wiki nne au tano. Uzio ukunje chini uingie ardhini kidogo, kwa sababu kenge pia humeza mzima na haachi unyoya.

Kuhusu karai: bata mama hupaka watoto wake mafuta ya mwili wake wanapojikunyata chini yake, ndiyo maana maji huteleza juu yao. Kuku hana mafuta ya kutosha kuwapa. Vifaranga wako wanaingia majini, manyoya yanalowa, ukingo ni mkali hawawezi kupanda, baridi inawamaliza. Toa karai. Weka kisahani chenye mawe, maji ya kuweza kuzamisha pua tu, kwani ni lazima waoshe tundu za pua, lakini yasifike kifuani. Kuogelea wasubiri manyoya ya kweli yaote.

Ukimkuta aliyelowa na bado anapumua, mkaushe kwa kitambaa, umweke kifuani mwako ndani ya shati hadi atetemeke, maana akitetemeka anarudi. Usiku wape joto kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kanga, uibadilishe ikipoa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya banda lililofungwa hata kama mvua inanyesha. Hewa yake haina harufu, nayo inaua vifaranga wote wakiwa wamelala, na ukilala humo nawe inakuua.